Spinachi Iliyoshiba Kupita Kiasi

Jumatatu, 9 Septemba
Nimejaza tena mabomba ninamooteshea spinachi. Maji ya mvua yaliisha kwenye tangi, sasa natumia ya kisima. Mbolea kama kawaida, kizibo kimoja kwa ndoo. Spinachi imepauka. Mwaitu, mama mkwe wangu, amepita, akaangalia mara moja, akaenda zake kwa ng'ombe wake. Mboga isiyo na udongo haiamini. Lakini uwanja ni wake na alinikubalia, hilo sina budi kulikumbuka. Mume wangu yuko Nairobi. Hapa ni mimi na yeye tu.

Jumamosi, 14 Septemba
Bado imepauka. Ina njaa, basi. Vizibo viwili.

Kijiji chetu chote cha Kambu kina njaa. Ng'ombe wa Mwaitu mbavu zinahesabika. Ndiye pekee aliyebaki, wengine walienda na ukame uliopita. Mwaitu anamchumia majani ya miti na kumwongelesha kutoka jikoni hadi zizini. Mimi haniongeleshi hivyo.

Alhamisi, 19 Septemba
Spinachi imekuwa kijani cha kutisha. Majani mapana, mazito. Nilijisifu. Leo ncha zimeungua, na mwenye hoteli ya pale barabarani ameonja jani moja akalitema. Chungu. Atanunua kwingine. Niliona aibu hadi nikaondoka bila kuaga.

Jumatatu, 23 Septemba
Afisa wa kilimo amekuja na kipimo chake. Kisima chetu kina chumvi hata kabla sijatia kitu. Nikaongeza mbolea juu yake, tena maradufu. Mizizi inashindwa kunywa maji, na mbolea iliyopanda imelala ndani ya majani.

"Hii yote tupa kwa shimo, mama. Uanze upya na maji ya mvua."

Mvua gani? Nimekata yote, nikajaza gunia. Shimoni sikufika. Nani anatupa kitu kibichi msimu huu?

Jumanne, 24 Septemba
Asubuhi nilimmwagia ng'ombe gunia zima. Alikula kwa pupa. Mwaitu alisimama hapo anacheka peke yake.

"Mwiitu wakwa, leo umenisaidia."

Binti yangu. Hajawahi kuniita hivyo tangu niolewe. Nilifurahi kijinga.

Mchana ng'ombe alianza kutetemeka na kuhema. Daktari wa mifugo alikuja kutoka mji wa Kiboko, akamkuta amekufa. Akachanja mshipa. Damu ya kahawia, kama chai iliyochemka sana. Akauliza alikula nini. Nilisema, Mwaitu akiwa hapo hapo. Ni ile mbolea ya kwenye majani, akasema. Tumzike, nyama tusiguse.

Jumatano, 25 Septemba
Nimemwaga maji yote ya mabomba. Mwaitu ameshinda zizini. Najichukia.

Jumapili, 29 Septemba
Akina mama wa kanisa walikuja baada ya ibada kumpa Mwaitu pole. Walileta unga na sukari. Nilikuwa namimina chai mmoja alipouliza.

"Na huyo ng'ombe aliuawa na nini, Mwaitu?"

Nilishika birika nikangoja jina langu.

"Si ni hii kiangazi," alisema. "Si imemaliza ng'ombe ya kila mtu?"

Wakaitikia. Wakaomba, wakaenda. Mwaitu aliweka kikombe chini, akaingia kulala bila kuniangalia. Nimeosha vyombo, nimefagia uwanja. Afadhali angenitaja.