Harusi ya Hana Haikuwa Jumamosi

Mama Hana, mke wangu,

Najua kwenu leo ni siku ya kutoshika kalamu. Lakini mimi kwenu niliingia kwa ndoa, si kwa dini, kwa hiyo nisamehe hii moja. Nina habari isiyoweza kungoja jua lizame. Tumemwoza Hana. Tumemwoza chini ya chandarua, kile kitambaa cha nguzo nne cha maharusi wa Kiyahudi, kama nilivyokuahidi, hapa hapa uani kwetu Cheyo, na mjini bado wanasimulia.

Unakumbuka ulivyoingia dukani kwangu mara ya kwanza? Ulitoka Arusha kutafuta asali ya Tabora kwa ajili ya mwaka mpya wa kwenu. Ukaonja madumu yote, ukakunja uso karibu kwa kila moja. Nikakwambia uje Jumamosi, mzigo mzuri unatoka Sikonge. Ukasema Jumamosi hufanyi biashara. Nikakucheka. Jina lenyewe linasema mosi, siku ya kwanza, sasa mtu anaanzaje wiki kwa kulala? Ukanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mtoro. "Ninyi mnaanza kuhesabu pale sisi tunapopumzika," ukasema. Ukarudi Jumapili, ukanisubiri mlangoni mpaka nilipotoka kanisani kwetu Moraviani, na asali uliyoichukua siku hiyo ilikuwa kisingizio tu, wala usibishe.

Baba yako alikubali kwa shingo upande. Rabi hakuweza kutufungisha, tukaenda bomani, na wewe ukakikosa chandarua kwa ajili yangu. Hukunilaumu hata siku moja. Ila ulipokuwa umelala kitandani, sauti imekwisha, ulinishika kidole ukasema, "Hana asikikose." Basi. Hayo ndiyo maneno niliyobaki nayo. Niliogopa, mama. Nilijua asali, nilijua kuimba besi kwaya, lakini harusi ya Kiyahudi mjini Tabora ningeianzia wapi, na mwenye kuijua amelala makaburini?

Halafu Yoeli akaja kumposa Hana. Kijana wa Mbale, Uganda, Myahudi tangu kwa babu yake, daktari wa mifugo, mpole mpaka unamwonea huruma. Alinisalimu "Shikamoo baba" kwa Kiswahili cha kujifunza njiani, akanipenda mimi kabla sijaamua kumpenda yeye. Kwao wakasema rabi wao atakuja naye, na wazee wake watashuka stesheni siku mbili kabla. Yaliyobaki yakawa yangu na kamati.

Na kamati unaijua. Nilitoka kidogo kuleta soda, niliporudi walikuwa wameshapitisha Jumamosi kwa makofi. Harusi ni Jumamosi, nani asiyejua? Nikasema haiwezekani, hiyo ni siku yao ya saba, ya kupumzika. Mwenyekiti akasema, "Baba Hana, ya saba vipi, na inaitwa mosi?" Nikasikia kicheko chako kabisa. Nikachukua Biblia nikawasomea Mwanzo, siku ile ya tatu ambayo Mungu aliona kuwa ni vyema mara mbili. Ndiyo siku kwenu wanayoipenda kwa harusi. "Siku ya tatu ni Jumanne," nikasema. Mwenyekiti akahesabu kwa vidole: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. "Nne hiyo!" Watu wakacheka mpaka soda zikamwagika. Jirani yetu Bi Zuhura ndiye aliyetuokoa. Aliweka kikombe chini akasema, "Siku zote za Mungu. Anzeni kuhesabu Jumapili, mtafika. Iandikwe Jumanne, na saa kumi iwe saa kumi kweli."

Huyo huyo Bi Zuhura ndiye aliyeshika jiko. Nilijiandaa kumweleza kwa kirefu kwamba hakuna kuchanganya nyama na maziwa, kwamba samaki lazima awe na magamba. Hakunipa nafasi. "Kwani sisi hatuna halali yetu? Kila mtu na yake. Nyama tuache kabisa, tusije tukakosea." Akanunua sufuria mpya, akapika samaki, migebuka ya Kigoma, uyoga wa karanga na wali uliokaa punje punje. Wageni wa Mbale waliomba waongezwe. Kila meza niliweka chupa ndogo ya asali yangu, imefungwa utepe mweupe. Nilizifunga mwenyewe, na ndiyo, utepe ulikaa sawa.

Chandarua ndicho kilichotusumbua. Dada yangu Kalunde alipofika kutoka Ntalikwa na kusikia neno hilo, akauliza, "Tunawafungia chandarua mchana? Mbu wa saa kumi wako wapi?" Mpambaji naye alitaka satini ya dhahabu na maua ya plastiki. Hana akaenda chumbani, akatoka na kitambaa chako cheupe cha meza, kile cha Ijumaa jioni, ulichokuwa ukiwashia mishumaa juu yake. Bado kina lile doa la chai aliloweka yeye akiwa mdogo, ukamwambia usilie, kitambaa nacho kimekunywa. Mpambaji akasema doa litaonekana kwenye picha. "Ndiyo maana nalitaka," Hana akajibu. Pembeni tukashona kanga ya mama yangu, ili na Unyamwezi uwepo. Kikasimamishwa kwa nguzo nne za mninga, zilizosuguliwa zikang'aa. Mama Hana, palipendeza. Nimeona harusi nyingi mji huu, sijaona iliyokuwa tulivu na nzuri vile.

Kabla ya siku yenyewe tulikuja kukualika, unajua. Hana aliweka kadi juu ya kaburi, akaweka na jiwe juu yake ili upepo usikunyime mwaliko. Nilikuwa nakumbuka siku ya msiba wako, mtu mmoja alivyonong'ona, "Masikini, Hana hana mama." Wewe uliyempa jina lile, na Kalunde alipouliza kwa utani "Hana nini?" ukamjibu "Hana upungufu!" Neno lile la msibani lilinichoma miaka yote.

Sasa sikiliza. Kwenu bibi harusi huletwa na baba na mama. Mkono wake wa kulia niliushika mimi. Kamati ikamwambia Kalunde ashike wa kushoto. Akakataa. "Pale pana mwenyewe," akasema, akaenda zake kushika nguzo. Basi tukatembea hivyo, mimi kulia, na kushoto nafasi yako. Hana hakuinama hata kidogo. Alitembea kwa mwendo wako ule wa kuingia dukani, wa mtu aliyekuja kuonja na kukataa, na mimi kifua kilinijaa mpaka koti likanibana.

Glasi nusura ilete kesi. Kalunde alikuwa amesikia kwamba bwana harusi ataikanyaga, akaja na kikombe cha bati amekifunga kwenye kitenge. "Mwanangu haanzi ndoa kwa kuvunjikiwa. Hiki akikanyage mpaka achoke." Hana akamkalisha, akamweleza kama ulivyomweleza yeye: hata siku ya furaha tunakumbuka kilichovunjika. Dada yangu akakitazama kikombe. "Basi avunje," akasema. "Cha kwetu tunakijua." Yoeli alipokanyaga, Bi Zuhura alipiga kigelegele kilichosikika mpaka mtaa wa Chemchem, wageni wakapaza "Mazel tov!", hongera ya kwenu, na Kalunde akaitikia "Amina!" kwa sauti kubwa kuliko wote. Mshereheshaji akauliza, "Bibi harusi wetu Hana, hana nini?" Ua mzima ukajibu, "Hana mpinzani!" Nilicheka, halafu nikalia, na sikuona haya.

Wameondoka juzi kwa treni. Nyumba imekuwa kimya. Kitambaa nimekifua, doa nimeliacha.

Nikwambie na hili. Tangu uondoke, Jumamosi zilikuwa zikiniudhi. Wewe umepumzika, mimi nafungua duka kuanza kuhesabu wiki nyingine peke yangu, na ahadi yako mgongoni. Leo asubuhi nilichukua funguo, nikafika mpaka mlangoni, nikarudi ndani. Majirani wamepita kuuliza kama naumwa. Nimewaambia siumwi, nimemaliza kazi.

Leo na mimi, mke wangu, Jumamosi yangu ni ya saba.

Ni mimi mumeo,
Baba Hana