Hesabu ya Asubuhi Tatu

Baba,

Nisamehe, sikuweza kuja kwenye arobaini yako. Tangu kisiwa chetu cha Nzuwani kitangaze kujitenga, hakuna meli ya kuja huko Mutsamudu. Nilisoma Yasini hapa Itsandra, Zaina akaitikia amina. Mjini Moroni sasa wanatutazama sisi watu wa Nzuwani kana kwamba ni sisi wawili tuliokata shauri hilo.

Naogopa, Baba. Zaina wako anafanya bakalorea, mtihani wa kumaliza sekondari, huko mjini, asubuhi tatu. Barabarani kuna vijana wenye marungu, wanasimamisha teksi wakitutafuta. Si zote. Nimezihesabu: katika kila tano, moja.

Zaina ananicheka. "Dada, nne zinapita! Binti wa mwalimu wa hesabu unaogopa moja?"

Basi juzi nikachukua kofia uliyoisahau hapa, nikatia mbaazi nne na kunde moja, kama ulivyotufundisha sebuleni kwetu Hombo. Achomoe bila kutazama, arudishe, mara tatu. Unakumbuka ulivyokuwa ukimfokea? "Rudisha kwanza, Zaina! Kofia haikumbuki ulichotoa." Maana alikuwa akiificha kunde kiganjani ili ashinde.

Kwanza zikatoka mbaazi tatu, akanitolea ulimi. Tukarudia, kunde ikatoka. Tukarudia tena na tena mpaka akaacha kucheka. Nikaandika: nne juu ya tano, mara nne juu ya tano, mara nne juu ya tano. Sitini na nne juu ya mia na ishirini na tano. Kupita asubuhi zote tatu ni nusu na kidogo tu, Baba. Safari za kurudi sikuthubutu kuzitia.

Nilimsihi asubiri mwakani. Akalia, akasema wewe ulikuwa ukikingoja cheti chake cha bakalorea mpaka ukafa. Nikaenda kumtafutia pa kulala mjini. Mama mmoja wa mjini alikubali alale kwake, kisha akatuma neno kwamba majirani wamemwonya. Simlaumu, naye anaogopa.

Mtihani unaanza kesho. Nitapanda naye teksi. Usinigombeze, najua wawili hatuipunguzi ile moja, na pengine tutaonekana zaidi. Lakini nitakaa mlangoni, yeye nimweke katikati. Wakiuliza nani wa Nzuwani, nitajibu upesi kuwa ni mimi na kushuka, na dereva nimeshamwambia asinisubiri.

Buriani, Baba. Zaina atafika mtihanini. Nakuahidi hilo, hata kama mimi sitafika.

Binti yako mkubwa