Mnara Usiopandwa na Wanafunzi

Sulmona, 12 Machi 1991

Mpwa wangu Ornella,

Salamu kutoka huku kwetu, ambako theluji imekataa kuondoka kama mgeni aliyeonja mchuzi. Hujambo? Kifua kinaendeleaje? Mama yako kaniambia Napoli kuna unyevu na wewe hutaki kuvaa sweta kwa sababu ya urembo. Sisi tu wazima. Concezia analalamikia magoti, mimi silalamikii kitu ila nazidi kunenepa. Mwenye duka la lozi za sukari akikonda, wateja wataanza kujiuliza maswali.

Nasikia wewe na rafiki yako Tiziana mnakwenda Bologna mwisho wa juma kuuona mji. Vizuri sana. Ule mji naujua. Nilisoma sheria pale miaka miwili, kabla sijagundua kwamba sheria nayo inabidi uisome. Tazameni kila kitu, mle kila kitu, kisha unitazamie na kitu kimoja: mwanangu Panfilo.

Unamjua binamu yako. Kwa kuandika ni hodari. Mtihani huu kapata alama za juu, ule kapata za juu zaidi, Julai anahitimu. Lakini Krismasi hakuja. Nikimpigia simu, mama mwenye nyumba ananijibu yuko maktaba. Asubuhi maktaba, Jumapili maktaba. Mimi nami nimewahi kuwa mwanafunzi, Ornella. Hakuna mtu anayekaa maktaba kiasi hicho, hata mwenye maktaba.

Mkaza mjomba wako keshanunua gauni la siku hiyo. Mimi nimetenga gunia la lozi nzuri, zile ninazowauzia maaskofu. Sijazivika sukari nyekundu bado. Nyekundu ni ya kuhitimu, na kuipika kabla ya siku ni kujiitia nuksi. Kila asubuhi nalitazama gunia, nalo linanitazama.

Kula naye tu, mwangalie usoni, uniandikie. Usimwambie kwamba nimekutuma. Atajua mwenyewe, maana mimi sina siri, nina tumbo tu.

Mjomba wako,
Ulderico


Napoli, 20 Machi 1991

Shikamoo mjomba,

Natumaini barua hii inawakuta salama, na magoti ya mkaza mjomba yamepata nafuu. Mimi sijambo, na sweta nilivaa, mwambie mama.

Bologna ni nzuri, mjomba. Mvua ilinyesha siku zote mbili na hatukulowa, tulitembea chini ya zile baraza zenye paa kando ya barabara kama watu wa ndani. Panfilo alikuja kutupokea stesheni. Kakonda kidogo, lakini mcheshi kama zamani. Alipomwona Tiziana na masanduku mawili akamwuliza, "Dada, unahamia au umefukuzwa?" Tiziana akamjibu, "Wewe beba tu, mwanasheria, kesi tutaisikiliza baadaye."

Alitulisha tortelini za mchuzi wa kuku mpaka nikafungua kifungo. Akatupeleka kwenye lile tao la jumba la uwanjani, ambapo mtu akinong'ona ukutani kwenye pembe moja, aliye pembe ya pili anasikia kila neno. Nikamnong'oneza, "Sherehe tunakula nini?" Ukuta ukaniambia, "Kula kabla ya kuja." Tulicheka.

Jumapili tulipanda ule mnara mrefu. Ngazi za mbao, nyembamba, zimeliwa na nyayo za watu, nusura Tiziana alie. "Panfilo, hiki kitu kina mwisho?" Naye alitutangulia kama mbuzi, mikono mfukoni, akisema, "Twendeni, wazee. Ngazi hizi zinanijua. Mimi hupanda kila nikikosa cha kufanya." Kule juu alituonyesha paa zote nyekundu, akatutajia makanisa moja moja. Nadhani utafurahi kusikia jinsi anavyoujua mji.

Kwa hiyo usihofu, mjomba. Anakusalimu sana. Aliuliza kama umepungua, nikamwambia ukweli.

Mpwa wako,
Ornella


Sulmona, 27 Machi 1991

Mpwa wangu,

Salamu. Sisi wazima, na wewe nakuombea hivyo hivyo. Barua yako nimeisoma dukani, kisha nikaisoma tena stoo.

Nina swali dogo, usiliogope. Huko Napoli hamjui, lakini mwanafunzi wa Bologna hapandi ule mnara mpaka ahitimu. Akipanda, hahitimu kamwe. Profesa anajua, mwosha vyombo anajua. Wenyeji hukaa chini na kuwashikia wageni makoti. Mimi sikupanda, na bado sikuhitimu, lakini angalau mnara sina ugomvi nao. Hadi leo nikifika pale naupita kwa mbali kama mbwa wa jirani.

Na Panfilo unamjua. Huyu ndiye aliyelia siku padri alipoweka kofia kitandani kwa bibi yake, maana kwetu hiyo ni ishara ya kifo. Hapiti chini ya ngazi. Mtu huyo apande kila akikosa cha kufanya?

Kumbuka vizuri. Alipanda mpaka juu, au alibaki mlangoni? Labda umechanganya na mtu mwingine. Vijana wote siku hizi wana nywele zile zile.

Concezia sijamsomea. Nimemwambia tu habari za tortelini.

Mjomba wako,
Ulderico


Napoli, 3 Aprili 1991

Shikamoo mjomba,

Sijui niulizeje hali, baada ya barua yako. Natumaini unalala.

Alipanda mpaka juu. Nisamehe, sikujua, na yeye hakunizuia kukuandikia. Nilimwambia kabisa, "Nitamwandikia baba yako jinsi ulivyotukimbiza." Akasema, "Mwandikie." Sasa nawaza kwamba pengine alitaka ujue.

Kuna kitu sikukuandikia, nilikiona kidogo. Chumbani kwake, chini ya kitanda, kuna vile vitabu vya sheria ulivyomtumia mwaka wa pili. Bado vimefungwa kwa kamba ya dukani kwako, ile yenye mistari ya buluu. Fundo ni lako, mjomba, lile la masikio mawili.

Nenda kamwone. Wewe ukimwambia, hataumia kama akiambiwa na mwingine.

Mpwa wako,
Ornella


Sulmona, 30 Julai 1991

Mpwa wangu Ornella,

Salamu, na samahani kwa kukaa kimya. Barua zako tatu zimefika, hakuna iliyopotea njiani. Sisi tu wazima. Joto limezidi, sukari haikauki. Wewe hujambo? Mitihani yako ilipita? Nakuamini, huna haja ya kunitumia alama.

Julai imekwisha. Panfilo alipiga simu, akasema profesa anaumwa, sasa ni Oktoba. Concezia kalitundika gauni tena kabatini na kumwombea profesa apone. Zile lozi nimezivika sukari nyeupe, nikaziuza kwa harusi ya watu wa Pratola.

Mwezi wa tano nilikwenda. Nilimwambia mkaza mjomba wako naenda kuangalia mtambo wa sukari. Nilikuwa na maneno machache tu, "Najua, mwanangu. Twende nyumbani." Nikayafanyia mazoezi ndani ya treni, mpaka mama aliyekaa mbele yangu akahama kiti.

Alinipokea kachana nywele, kavaa koti la kijani, na mkoba wa ngozi begani. Mkoba ule ulikuwa mtupu, unapepea. Tulipofika chini ya mnara nikaona nimfungulie mlango wa kusema kweli, nikasema kama mzaha, "Tupande?"

Akasimama kama nimemwambia aruke kaburi. "Baba, una wazimu? Imebaki miezi miwili, unataka kuniharibia?" Na mkono ukaingia mfukoni kugusa ufunguo, apate chuma cha kuzuia nuksi, kama nilivyomfundisha mimi. Ornella, nilimwamini. Kwa muda wa kuvuka barabara nilimwamini kabisa, nikakukasirikia wewe.

Kisha nikaona midomo yake imekauka, kama utotoni alipokuwa akidanganya.

Nikampeleka kwenye lile tao lenu la kunong'ona. Moyoni nilisema naona haya kumtazama, nikaona bora niutazame ukuta. Yeye pembe ile, mimi pembe hii, tumegeuziana migongo kama watoto waliotiwa adabu na mwalimu. Nikauambia ukuta, "Najua, mwanangu. Twende nyumbani."

Ukuta ukanyamaza. Nikageuka. Alikuwa bado ameuegemea kwa paji la uso. Nikangoja. Mwishowe akaja, anatabasamu.

"Ulisema nini, baba? Watu wana kelele leo."

Pale palikuwa na mimi, yeye na njiwa.

Nikasema, "Nimesema nina njaa."

"Kumbe," akasema. "Hilo hata bila ukuta ningelijua."

Tukala. Mimi nilikula sahani mbili, ndivyo nilivyo, hata msibani. Akasema, "Julai, baba." Nikasema, "Haya, Julai." Akatazama saa, akasema anachelewa maktaba, akanibusu huku na huku, akaenda.

Treni yangu ilikuwa bado. Nikaenda mnarani, nikakata tikiti. Wewe ulisema ngazi zimeliwa na nyayo, mimi nilikuwa nazitazama nikiwaza zipi ni nyayo zake. Nilipumzika kila pahali palipo na pa kuketi, na pengine pasipokuwa napo. Zamani niliogopa kwamba nikipanda sitahitimu, baadaye kwamba yeye hatahitimu. Safari hii sikuona tena nimlindie nani.

Juu kuna upepo. Paa ni nyekundu kweli, kama ulivyoandika. Nikatazama chini, kwenye ngazi za kanisa lililo karibu na mnara, nikaona koti la kijani na mkoba mapajani. Ameketi. Hasomi, hasubiri mtu, hali kitu. Watu wanampita. Nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kuniambia, "Mzee, tunafunga." Naye alikuwa bado ameketi.

Ningeweza kumwita. Nilishuka, nikazunguka mnara kwa upande wa pili, asinione.

Concezia ananiuliza Oktoba avae koti gani juu ya lile gauni. Nimemwambia la buluu.

Mjomba wako,
Ulderico