Picha Niliyokataa Kuigongea Muhuri

Musoma

Dada yangu Skola,

Shikamoo. Kifua cha mama kimetulia tangu mvua zikatike huko Mbinga? Mimi mwili ni mzima, ila nina wasiwasi, na sina mwingine wa kumweleza.

Unajua bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Kazi yangu hapa maabara ni kukagua kila kinachotoka, kilingane na fomu yake, ndipo nigonge muhuri. Yupo Dokta Nyamisi, mwenyeji wa Butiama, anayechunguza seli za sato wanaovuliwa Bukima, kisha anazichora kwa rangi za maji. Tangu nifike namtilia shaka. Mtafiti wa kweli ana haja gani na brashi?

Jumatatu alileta picha ya seli moja, iende chuoni Mwanza kwa basi la mchana. Fomu ilisema protini nyekundu kumi na nne. Nikazihesabu kwa ncha ya penseli, kama ninavyohesabu chupa: kumi na moja. Nikarudia. Kumi na moja. Nikakataa kugonga.

Akacheka. "Gaudensi, unahesabuga protini kama ng'ombe wa mahari? Tatu ziko nyuma ya zingine."

Nikamuuliza nyekundu aliiona wapi. Akasema vitu vidogo hivyo havina rangi. Rangi anachagua mwenyewe. Na mahali pa kila moja? Akaisogeza picha karibu yake.

"Vipimo vinaniambia zipo. Zilipokaa, nakisia."

Dada, niliurudisha muhuri mezani. Nikigonga, kesho mkuu wa maabara akiuliza, atafukuzwa nani? Nisipogonga, picha inakosa basi, siku ya mwisho ya kupokelewa chuoni inapita, na kazi yake ya mwaka mzima inakataliwa. Nikaandika chini ya fomu: "Idadi ni ya vipimo. Rangi na mahali ni vya mchoraji." Nikamwomba asaini, nikijua atanishtaki.

Aliisoma mara mbili. Kisha akaichukua kalamu, akainakili sentensi ile chini ya picha yenyewe.

"Sentensi hii nilikuwaga naikimbia," akasema. Ndipo nikagonga.

Tangu siku hiyo ananiletea kila picha kabla haijakauka, nihesabu. Sijui ni heshima au ni mtego, kwa hiyo nahesabu mara tatu.

Mfikishie mama shikamoo yangu, na shemeji fundi cherehani, na shangazi yetu wa kwaya. Barua hii usimsomee mtu wa nje.

Ni mimi mdogo wako,
Gaudensi