Hesabu Niliyoifanya Siku za Giza

Mama Feza,

Sikuandikii juu ya kukusalimia tu. Nimechoka, na nina neno na wewe. Najua hukujua kusoma. Hata karatasi za dawa yako ya presha ni mimi niliyekuwa nakusomea, na wewe ukiniuliza mara mbili kama nimesoma kweli ao nimetunga. Hii nayo nitaisoma kwa sauti, hapa kwenye ngazi ya depo yako ya samaki, mikeka ikiwa bado kwenye jua. Usikilize mpaka mwisho. Ulikuwa na tabia ya kuondoka katikati ya maneno.

Tangu tukuzike imepita miezi kumi na moja. Ziwa limepanda tena. Ile safu ya nyumba za chini, karibu na pale ulipokuwa unaosha sufuria, haiko. Zilikuwa nyumba tisa. Zimebaki kuta za mbili, na bata wanaogelea ndani ya ile ya fundi wa cherehani. Wenye ndugu walienda kwa ndugu, Mansa ao Mwansabombwe. Wasio na ndugu walipanda mpaka soko, wakakuta wengine tayari: wajane waliofukuzwa na ndugu za bwana, wazee ambao nguvu za kuvuta nyavu zimewaacha, na wa kwetu waliovuka kutoka Congo na vitu vyao vyote ndani ya kitambaa kimoja. Wewe uliwajua kwa majina. Mimi nilipewa kuwahesabu.

Nikueleze pole pole. Komite ya soko letu la kando ya ziwa, ile uliyokuwa unaiita wanaume wa viti, ilichoka na watu kulala chini ya meza za samaki. Wanunuzi wa magunia walisema meza zinanuka mukojo. Kanisa moja likatoa nyumba yake ya zamani ya kuwekea barafu, mabati mazima, sakafu ya simenti. Komite ikasema: tupige vitanda ndani, wasio na nyumba walale pale, kisha soko tulizungushie fensi na kila jioni lifungwe. Wazo halikuwa baya, nasema hivyo mpaka leo. Muji mudogo kama huu hauwezi kungoja mutu atoke Lusaka aje kutuambia nani kati yetu analala wapi. Likabaki swali moja tu, vitanda vingapi. Na wote wakageuka kuniangalia mimi.

Unajua wananiita Mama Hesabu. Shule ya musingi sikuimaliza. Kujumlisha nilijifunza juu ya muchanga, na kijiti, kando ya samaki waliokuwa wanakauka, na leo nikiinua gunia la chisense, hawa dagaa wetu, nakuambia uzito wake mbele ya mizani kusema. Hakuna mutu aliyenipa kitu. Naandika hivyo, kisha naona uso wako, nataka kufuta. Bon, sifuti. Nitarudi hapo.

Nilienda sokoni asubuhi tatu zikifuatana, saa kumi na moja, mbele ya wauzaji kufika. Nilipita meza kwa meza na kaye yangu, lile daftari la magunia. Siku ya kwanza watu kumi na wanne. Ya pili kumi na watatu, juu ya muzee mumoja kuamkia kliniki. Ya tatu kumi na wanne. Mutu mwingine angehesabu mara moja akarudi kunywa chai. Mimi nilihesabu mara tatu. Mwenyekiti, Ba Chanda, akasoma orodha yangu mbele ya wote, jina kwa jina, akasema soko likipata watu watano kama huyu mama litakuwa kama la Kitwe. Nilifurahi, Mama. Nilitembea mpaka nyumbani nikifurahi.

Vitanda kumi na vinne vikapigwa. Nguzo za fensi zikasimamishwa. Kisha mwezi ukajaa.

Wewe umeshaelewa, najua, unatikisa kichwa. Mimi ilibidi nielezewe na Sifa.

Sifa hukumukuta. Alitoka kisiwa cha Kilwa, humu ziwani, wiki chache baada ya mazishi yako. Bwana yake alizama na bwato lake, na wakwe wakachukua nyumba na nyavu. Ana mutoto mugongoni, Dorika, wa mwaka na kitu. Jioni ile tuliyofungua nyumba ya kulala, nilisimama mulangoni na kaye. Wale kumi na wanne wakaingia, kila mutu na kitanda chake, muzee wa kliniki akakibonyeza chake kwanza kama mutu anayenunua godoro. Nikataka kufunga. Kugeuka, naona watu wamekaa chini ya ukuta na mizigo yao, kama wanaongoja kuitwa na munesi. Nikawahesabu, maana ndiyo kitu najua kufanya. Ishirini na watatu.

Sifa akasimama mbele yangu. Akaniuliza kwa heshima kama jina lake limo katika kaye. Niliangalia, ingawa nilijua. Nikamwambia halimo, nilipita asubuhi tatu na sikumuona hata mara moja. Akauliza ilikuwa siku gani. Nikamwambia siku.

Akacheka kidogo, bila nguvu, akapandisha mutoto mugongoni.

"Ile ilikuwa giza, Mama Hesabu. Wakati wa giza sisi wote tuko ku kambi, tunafanya kazi. Weye unauzisha chisense na haujui inavuliwa wakati gani?"

Nilisikia watu wa chini ya ukuta wakicheka nao. Muzungu angefanya kosa hilo, mimi mwenyewe ningemucheka mwaka muzima. Chisense inavutwa na taa, na taa haina kazi mwezi ukiwaka. Mutoto yeyote wa ziwa hili anajua. Siku za giza kila mwenye mikono yuko kambini, mwanaume ndani ya bwato, mwanamuke kando ya moto akingoja kuanika. Wanalala palepale kazini, kwenye muchanga. Mwezi ukijaa taa zinazimwa, kambi inapumzika siku kumi hivi, na mwenye nyumba anarudi nyumbani. Asiye na nyumba anarudi chini ya meza. Wale niliowahesabu walikuwa wagonjwa na wazee tu. Hawa wa ukutani ndio wanaojaza magunia yangu, na ndio niliowaacha nje.

Unajua nilifikaje hapo? Tangu nianze kununua kwa gunia, siendi tena kuanika. Magunia yananifuata mimi. Siku naziangalia kwenye kalenda ya kanisa, na kalenda ile ina Jumapili, haina mwezi.

Na jioni ile, Mama, niliwaambia wangoje komite. Neno hilo lilitoka kinywani mwangu mimi. Sifa akafunga kitambaa vizuri akaenda kulala kando ya fensi. Nami nikaenda nyumbani, nikapika bukari, nikashindwa kuila.

Maana mimi mwenyewe nilikuwa mutu wa mukeka wa saba humu depo kwako.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimevuka ziwa na kiatu kimoja na nusu. Hukuniuliza nimekimbia nini. Ulitoka nje ya depo, ukaangalia juu, ukarudi ndani, ukashusha mukeka kwenye musumari wa saba. Siku za giza mikeka yako ilikuwa ya samaki. Mwezi ukijaa hakukuwa na samaki wa kuanika, ukasema samaki wamepumzika, mikeka iende kufanya kazi nyingine. Kila mutu alilala juu ya wake, humu ndani, na asubuhi aliutundika mahali pake na kuondoka. Hukuandika kitu. Jioni ulitazama ukuta: musumari mutupu, mutu amefika. Musumari wenye mukeka, unauliza "Bado nani?" na mulango haufungwi mpaka upate jibu. Mara moja tulikungoja mulangoni mpaka ukamuleta muzee Mulenga kutoka kilabu cha pombe, unamushika shati kama mutoto wa shule.

Nililala hapa misimu saba ya mwezi. Nywele zangu zilinuka chisense mpaka kanisani. Musichana mumoja alihama benchi, nikakujia nikilia. Ulisema: "Yeye anuke sabuni, weye unuke kazi." Kisha ukanipa sabuni.

Watoto wako waliponiachia depo hii, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuipandisha mikeka yako juu kwenye mbao za paa. Wanunuzi walisema inaleta harufu. Depo ya samaki, Mama. Misumari niliiacha. Nikatundika mizani na ile kalenda.

Sikulia kwenye mazishi yako, watu walisema mengi. Nilikuwa nahesabu viti. Kama vingepungua, ningejua la kufanya. Vikatosha, nikabaki sina la kufanya.

Nina hasira na wewe. Muji muzima ulikuwa unatafuta jibu na jibu lilikuwa limetundikwa kwenye ukuta wako, na hukumwambia mutu yeyote wa komite. Ungeniachia neno moja. Ungeniambia siku moja tu, ukiwa unakula karanga zako: Esteri, mwezi. Nilikulaumu hivyo usiku na muchana. Lakini nililala ndani ya jibu lile miezi saba. Ungeniambia nini tena?

Kesho yake nikaomba mukutano. Nikasimama na kaye, nikasema hesabu ile ni yangu na ni mbaya, nikaeleza ya mwezi. Watu wazima wote waliozaliwa kando ya ziwa, kila mumoja akaangalia viatu vyake. Hakuna hata mumoja wao aliyekumbuka pia, na hiyo haikunifariji.

Ba Chanda akasema, "Mama, vitanda tumepiga kwa hesabu yako. Fensi inamalizika Ijumaa."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka kama mimi. Mwenzake mumoja, muuza nyavu, akaongeza kwamba tukifungua mulango kwa kila mutu, watajaa kutoka Kilwa na kutoka ng'ambo, kila mwenye kupita atataka kukaa.

"Mimi nilipita," nikamwambia. "Leo munanikalisha mbele."

Nikaendelea kabla sijaogopa. Nikasema vitanda vibaki vya wale kumi na wanne, ni wagonjwa na wazee, walivihitaji kweli. Hawa wa kambi hawahitaji kitanda cha mwaka muzima. Wanahitaji mahali pa siku kumi kila mwezi ukijaa, na choo ambacho ufunguo wake hauko kwa mutu aliyelala nyumbani kwake. Na siku za giza wanahitaji kabati la kufungia sufuria na blanketi, maana niliwauliza asubuhi ile, mumoja kwa mumoja, na zaidi ya nusu waliniambia kinachowarudisha nyuma ni kuibiwa vyombo wakiwa kambini. Kila mwezi wanaanza upya na sufuria moja. Nikasema tusipige nyumba nyingine. Nyumba yetu sisi inatakiwa kupanuka na kupunguka, na depo yangu iko, na mikeka iko. Sikusema ni yako. Niliogopa sauti yangu.

Ba Chanda akakuna shingo, akajibu kwa heshima ya Kibemba. "Miezi miwili, mukwai. Tuone." Mulango wa fensi upande wa choo ukakubaliwa usifungwe. Mutu mumoja akauliza kama chai imeisha. Ilikuwa imeisha.

Jioni ileile nikapanda juu ya magunia kushusha mikeka. Sifa alinishikia ngazi na kunipigia kelele kila muguu wangu uliposogea. Ishirini na sita, kama ulivyoiacha. Panya wamekula mitano. Sifa akakata palipobaki pazima, akashona miwili kutoka ile mitano, na kidole chake cha gumba kikatoka damu. Ishirini na mitatu. Kwa leo imetosha. Mwezi ujao watakuwa wengine, hesabu itavunjika tena, na mimi nitaanza upya, sijifichi.

Wa saba una kile kiraka cha nyavu ya bluu ulichoshona. Nilimupa Sifa. Sikumueleza kitu. Dorika alilala juu yake mbele ya mama yake kumaliza kuutandaza, mukono kwenye kiraka, na harufu ile, Mama, ile harufu ikanipanda puani, na hapo ndipo nililia yale ya mazishi. Sifa akajifanya anatafuta sindano.

Leo ni siku ya nne. Depo inanuka watu na samaki. Mununuzi mumoja wa Mansa amelalamika, nikamuonyesha mulango. Nimechoka mugongo, nimechoka masikio, juu ya muzee mumoja anakoroma kama injini ya bwato. Kalenda nimeitoa kwenye musumari wako.

Jua linashuka, naanza kukusanya mikeka niitundike. Nimetoka nje na nimeangalia juu. Mwezi bado uko muzima.

Lala basi, Mama Feza. Siwezi kukuahidi muji. Wenye viti ni wengi na miezi waliyonipa ni miwili. Nakuahidi ukuta huu. Kila mwezi ukijaa, sitaweka kufuli nikiona mukeka kwenye musumari. Nitasimama hapa mulangoni niulize kama wewe, bado nani, na nikijibiwa jina, nitaenda kumutafuta.

Mimi wako wa musumari wa saba,
Esteri