Zamu ya Ngazi

Partick, Glasgow
3 Februari 2003

Mwanangu Morven,

Natumai hujambo huko Halifax na theluji haijakufukia. Mimi naendelea vizuri, ila mvua ni ile ile unayoijua.

Nina kichekesho. Ofisi ya nyumba wameniletea onyo. Wameambiwa nalewa, napepesuka ngazini, naangusha vyombo, na zamu yangu ya kupiga deki ngazi siitimizi. Wakisikia malalamiko mengine, wataichukua nyumba yao. Mimi, niliyekula kiapo kanisani nikiwa mtoto kwamba pombe sitaionja! Baba yako angekuwa hai angecheka mpaka kofia imdondoke. Nahisi ni maneno ya Ishbel wa mlango wa pili.

Catriona, muuguzi wangu, anataka kuwaeleza ukweli wa ugonjwa wangu. Nimemkataza. Unamkumbuka Bi Nettie wa ghorofa ya juu? Wenye nyumba walipojua tu kwamba moyo wake ni mgonjwa, akapelekwa makao ya wazee, na sahani zake zikabaki uani zikinyeshewa. Afadhali wadhani nalewa. Mlevi huonywa kwanza, mgonjwa huhamishwa tu.

Usinifokee.

Mama yako

Halifax
20 Februari

Mama kipenzi,

Habari za huko? Mikono inasemaje? Sikufokei, ila nimelia. Barua yako nimeisoma kwa shida, herufi zako zimekuwa ndogo kama mbegu za ufuta.

Nimezikumbuka Ijumaa zetu. Kadi ya zamu, ile inayozunguka mlango hadi mlango, ikining'inia kitasani kwetu, wewe umepiga magoti na ndoo, mimi unanipa kipande cha chokaa nichore maua kando ya kila kidato. Hukutaka mstari uliopinda hata kidogo. Harufu ya ile sabuni naitamani mpaka leo.

Mama, Catriona hatawapa faili lako lote. Atasema lile tu utakalomruhusu, mengine yatabaki kwako. Ukinyang'anywa nyumba kwa ulevi usio wako, mimi nikija nitafikia wapi?

Mwanao Morven

Partick
16 Machi

Mwanangu,

Salama? Kikohozi chako kimepona?

Nimemruhusu Catriona aseme miguu yangu haina nguvu. Jina la ugonjwa asilitaje. Basi Bwana Lorimer wa ofisi ya nyumba akaja, akakaa kiti cha baba yako, akala mkate wangu wa zabibu. Onyo amelifuta. Wataweka reli ya pili ya kushikia ngazini. Nikamuuliza nahamishwa lini.

“Kwani unataka kuhama?”

Nikamwambia humu nitatoka nimebebwa.

“Basi kaa.”

Ningefurahi, lakini amewaomba majirani wanipumzishe zamu. Ijumaa nilisimama nyuma ya mlango, nikasikia kadi ikipita kwangu na kutundikwa kwa Ishbel. Tangu niingie hapa nikiwa bibi harusi, kadi haijawahi kunipita. Morven, iliniuma kuliko siku ile daktari aliponitajia ugonjwa wangu.

Mama yako

Partick
11 Aprili

Mwanangu Morven,

Hujambo? Ile habari ya kadi isikusumbue tena.

Nimegonga kwa Ishbel, nikamwomba kadi yangu. Akawa mwekundu kwa aibu, maskini, akakiri mwenyewe kwamba ndiye aliyenisema. Nikaitundika kitasani kwangu. Tukapatana yeye apige deki, mimi nikae kidato cha juu na chokaa yangu.

Ungeniona! Mkono ulienda unakotaka. Maua yale uliyokuwa ukichora wewe yalitoka kama nyuzi za sufu zilizochezewa na paka.

Ishbel alipofika juu na ndoo akayatazama. “Senga, huu nao ni mtindo wa wapi?”

Ningeweza kumwambia ni wa zamani, na angeamini. Lakini nilikuwa nimechoka kuficha. Nikamwambia ni ugonjwa wa kutetemeka, na lile jina lake la hospitali nikalitaja, kwa sauti, pale pale ngazini, milango ikiwa wazi.

Akaweka ndoo chini. Nilidhani ataanza kunionea huruma. Akaketi kando yangu, akaninyooshea mkono nimpe chokaa, akachora ua lake limepinda vile vile kama langu.

Mama yako