Upepo wa Gari Umekuwa Mbili

Ijumaa usiku, Agosti 2003

Niko na miaka sabini na nne. Nimeishi kuliko gari mbili, punda wanne na daktari aliyenikataza ugoro. Halafu leo msichana wa petroli stesheni pale Machakos anataka kunifundisha upepo!

Kesho pikapu yangu inabeba mbuzi wa ntheo, wale wa kumposea kijana wangu Mutua bibi. Gurudumu likikaa chini njiani, wakwe watatucheka mpaka wajukuu wazaliwe. Kwa hivyo nikamwambia msichana aweke upepo wa paundi ishirini na nane, kama siku zote. Akajaza, geji yake mpya ikaonyesha mbili.

"Mbili? Unataka nisukume?"

"Mzee, hii inasoma kipimo kingine, baa. Baa moja ni kama kumi na nne na nusu ya zile paundi zako."

Nikakataa kuondoka. Hapo Kalekye, bibi yangu, akatoa kichwa dirishani. "Baba Mutua, sokoni ukipimiwa debe moja, huwa unalia vikopo vyako vya gorogoro vimeenda wapi?"

Hata watu wa foleni wakacheka.

Nikaendesha polepole mpaka nyumbani Kola, nikingoja gari ilale. Haikulala.

Jioni nikajificha nyuma ya pikapu na geji yangu ya zamani, nikapima. Ishirini na tisa. Kumbe mimi na mashine yao tumepishana kwa moja tu, na sikumaliza hata darasa la pili!

Kesho tutafika. Asiyeamini amuulize Kalekye, maana nilipogeuka alikuwa amesimama hapo, amejiziba mdomo asicheke.